Jiwe la Ukweni Ndani ya Friza

Nilitoa kidani cha mama mkwe wangu kwenye friza, nikakiweka kwenye bakuli la bati, nikakimwagia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai pamoja na kijiko kizima cha sabuni ya unga. Nasema mapema ili msomaji asifike katikati akaanza kutafuta wa kulaumu. Si dada wa kazi, sina dada wa kazi. Si mume wangu, ingawa kwa kawaida huwa naanzia kwake. Ni mimi, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne, na fizikia nilifaulu. Tulifundishwa kabisa kwamba glasi iliyotoka kwenye baridi ukiitia maji ya moto inapasuka. Nilichora na mchoro wake. Mwalimu akanipigia vema.

Jiwe likalia tik. Sauti ndogo, kama ya mtu anayekusonya kwa adabu. Nilipolitoa na kulipangusa, ndani ya ile bluu kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, umeanzia ubavuni umekuja mpaka karibu na katikati. Nikalipangusa tena. Nikalipangusa kwa upindo wa kanga, kisha kwa upindo mwingine, kana kwamba tatizo lilikuwa kanga.

Jiwe lenyewe ni tanzanaiti. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu, na marehemu mume wake alimletea seti hiyo zamani wakiwa bado wanaishi Arusha: kidani, hereni mbili na pete. Ukoo ukaifanya desturi. Kila binti wa kwao akifanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga kabla hajaolewa, lazima avae seti ya bibi. Wameshavaa wanne. Mimi sikuvaa, kwa sababu mimi niliingia ukoo huo kama mke, si binti. Kwa hiyo naomba ieleweke vizuri: natunza kitu nisichoruhusiwa kukivaa, na nikikiharibu ni changu.

Kazi hiyo sikuiomba. Mama anakaa Tegeta kwa wifi yangu, na nyumba ya wifi watu wanaingia na kutoka kama stendi. Sisi tuko Temeke, na mimi sitoki. Ndiyo tabia yangu, sina la kujitetea. Nina friza yangu ya barafu za ubuyu kwenye korido, nina redio, nina kiti changu barazani, na mtu akiniambia twende mahali huwa naanza kuumwa kichwa. Siku walipokuwa wanajadili seti ikae wapi, wifi akasema, "Ikae kwa huyu. Huyu hatoki, itakuwa kama iko benki." Nikafurahi! Nilidhani nimesifiwa.

Mwanzoni nilijitahidi. Niliagiza kabati la kujipambia kwa mafundi wa Keko, lenye droo ya ufunguo, maalumu kwa ajili ya vile vitu. Masika ilipoingia droo ikavimba, haifunguki hata uivute kwa miguu. Kiangazi kilipokuja ikanywea, ikawa inafunguka yenyewe mtu akipita koridoni. Nikamwita fundi. Akaja, akaigonga gonga, akasema, "Mama, mbao inapumua." Sasa mimi niliagiza kabati la kupumua?

Nikaihamishia seti kwenye ndoo ya unga. Siku moja nikaichungulia seti nikaikuta imejaa unga kwenye kila kona, imekaa kama mandazi yanayosubiri mafuta. Nikaitoa. Halafu mtaani kwetu wezi wakaanza kuchana nyavu za madirisha, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa hapa hapa Dar, wa pwani kindakindaki, asiyejua kunong'ona, akaniambia, "Shoga, mwizi wa siku hizi anapekua kabati, anapasua godoro, anamwaga unga. Lakini sijasikia mwizi aliyeiba vibua." Nikaona hilo ni wazo. Nikachukua soksi ya mume wangu, safi, nikatia humo kidani, hereni na pete, vyote pamoja. Soksi nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye kopo la aiskrimu, kopo nikalizika chini ya samaki.

Ilikaa humo miezi. Mume wangu aliwahi kulifungua akitafuta barafu, akaja nalo sebuleni amelishika mbali na mwili. "Mama, hii soksi ni ya kuchemsha au ya kukaanga?"

"Irudishe ilipokuwa."

"Mie nauliza tu, nijue nisubiri chakula au nisisubiri."

Basi, wifi akapiga simu. Zamu ilikuwa imefika ya binti yake mwenyewe, mtoto wake wa kwanza. "Wifi, sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo tunakuja na mama kuchukua vitu vyake. Uvisafishe basi vimeremete, mwanangu asije akavaa vumbi."

Nikafukua kopo. Vumbi halikuwepo. Kulikuwa na harufu. Ukikisogeza kile kidani puani unajua kabisa kimeishi na nani.

Nikauliza kwenye grupu la akina mama wa mtaa, kwenye simu, namna ya kusafisha vito. Nikajifanya namuulizia rafiki. Jamani! Siku nyingine unaweza kuuliza pale nani ana namba ya fundi bomba, usijibiwe mpaka nyumba ielee. Hilo la vito walijibu wote. Mmoja dawa ya meno. Mmoja siki. Mmoja limao na chumvi, nikajiuliza kama tunasafisha au tunachoma kuku. Mmoja magadi, mmoja majivu, mmoja soda nyeusi unaiacha itoke povu. Mmoja akasema pombe kali, kidogo tu, inayobaki usitupe. Halafu akaja wa maji ya moto: "Maji yachemke haswa, na sabuni ya unga. Mie dhahabu yangu nafanyaga hivyo miaka yote, inawaka." Hakusema dhahabu yake haina jiwe. Nami sikuuliza. Nilimchagua yeye kwa sababu moja ya kitaalamu sana: maji ya moto yalikuwa tayari kwenye chupa ya chai, mezani, mkono wangu unayafikia bila kusimama.

Tik.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nikamwonyesha. Akaligeuza geuza kwenye taa. "Mbona ndiyo limependeza," akasema. "Kama lina radi ndani." Nikamwomba atoke nje akaangalie kama gari la taka limepita. Anajua halipiti siku hiyo. Alitoka hivyo hivyo.

Sasa hapo lililokuwa linaniumiza si thamani ya jiwe. Ni kwamba mama mkwe hakuwahi kunisema hata siku moja. Watu wana wakwe wanaowahesabia chumvi. Wangu alinikabidhi kitu cha mume wake aliyefariki, akanipa mkononi, hakuniwekea hata sharti. Na mjukuu wake alikuwa na siku tisa tu. Nikaamua: lazima jiwe lifike shingoni kwa yule binti, na bibi yake asijue.

Nikatoka nyumbani. Mtu asiyenifahamu hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo. Nikaenda na seti nzima kwa sonara mmoja karibu na soko, mzee mwenye kimeza cha kutosha viwiko viwili, anafanya kazi na kilenzi amekibana kwenye jicho moja.

"Umelifanyaje hili?"

"Nimelisafisha."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linanuka samaki."

Akakitoa kile kilenzi akanitazama kwa macho yote mawili. "Jiwe lilikuwa linanuka samaki."

"Ndiyo."

"Lilikuwa limekaa wapi?"

"Kwenye friza."

Akageuka kwa mwenzake wa kimeza cha pili, fundi saa. "Acha hiyo saa kwanza, njoo usikie." Fundi saa akaja na kiti chake kabisa. Ikabidi nirudie tangu kwenye soksi. Walinisikiliza kwa utulivu mkubwa, kama watu waliolipia tiketi.

Halafu mzee akanifundisha, na nikiri alifundisha vizuri kuliko grupu zima. Maji yawe ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sabuni iwe ya mtoto, kidogo. Mswaki laini, na usugue nyuma ya jiwe, ndiko uchafu unakojificha. Usuuzie kwenye bakuli, usisuuzie kwenye sinki, maana sinki ina tundu na wewe una mikono ya kutetemeka. Ukaushe kwa kitambaa cha pamba. Na kila kipande kiwe na kimfuko chake.

"Ulizitia pamoja kwenye soksi?" akauliza.

"Pamoja."

"Hizi zikikaa pamoja zinakwaruzana kama ndugu wanaogombea kiwanja. Ona hereni hii."

Nikaona. Nilikuwa sijaiona mpaka hapo, nashukuru sana kwa kuonyeshwa.

"Lakini kwenye grupu walisema," nikaanza.

"Hao wa kwenye grupu wana tanzanaiti?"

Nikamuuliza kama ufa unaungwa.

Ufa hauungwi, akasema, si ndoo ya plastiki. Alichoweza ni kulizungusha jiwe kidogo, ule mwanzo wa ufa ukae chini ya kimojawapo cha vile vikucha vya dhahabu vinavyolishika, halafu avikaze. Kwa mbali hakuna atakayeona. "Ila sikiliza, mama. Likigongwa sawasawa hapa, kipande kinatoka. Huyo binti mwambie asikumbatiane na watu." Nikamwambia ni sendofu. Akacheka, fundi saa akacheka, nikarudi nyumbani.

Alhamisi wakaja. Nilikuwa nimenunua kiboksi kipya cha kitambaa laini, nimeshona vimfuko vinne kwa mkono, nimepuliza marashi hewani. Nilikuwa pia nimejizoeza kunyamaza, kitu ambacho kwangu kinahitaji mazoezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, mama. Karibuni."

Wifi hakukaa. Alibaki mlangoni na funguo za gari mkononi. "Tusichelewe, barabara ya Tegeta saa hizi unaijua." Mama akakaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua kiboksi. Hereni akazipita. Pete akaipita. Kidani akasimama nacho akaenda dirishani, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza taratibu, kushoto, kulia, jiwe likawa bluu, likawa zambarau, likawa bluu.

"Hili limezungushwa," akasema.

Nikasema, "Ee?"

"Upande huu ulikuwa huku." Mwanamke huyu amesahihisha madaftari maisha yake yote. Alikuwa anajua mwandiko wa mtoto aliyenakili. "Nani amelizungusha?"

Wifi akasema, "Mama, twende bwana, jiwe ni jiwe."

Mama hakugeuka. Alikuwa ananisubiri mimi, na hakuwa na haraka yoyote. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba nililipeleka kwa fundi kulikazisha tu. Lilikuwa jibu zuri. Nililishika mdomoni, nikamwangalia alivyokishika kile kidani kwa vidole vya mikono yote miwili, nikashindwa kulitema. Nikasema yote. Droo, unga, soksi, vibua, chupa ya chai.

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kwa kweli alikaa, na gauni lake la kazini. "Vibua! Wifi, ulimzika baba yangu na vibua!"

Mama hakucheka.

"Kwenye friza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nisingeona, ungeniambia?"

"Hapana, mama."

Akatikisa kichwa kidogo, namna ya mtu anayeandika alama pembeni ya karatasi. Nikasubiri. Nilitamani anigombeze, kugombezwa ningejua pa kusimama. Akakirudisha kidani kwenye kimfuko chake, akavuta kamba, akakifunga.

"Mjukuu wangu atakivaa kama kilivyo," akasema. "Wanne wamevaa, yeye hawezi kuwa wa kwanza kukosa. Na wewe utakuja. Utakaa mbele, na macho yako yasitoke hapo. Kipande kikidondoka utakiokota wewe, mbele ya watu wote."

Mimi sendofu huwa natuma mchango na udhuru. Hiyo nilikwenda. Nikamchukua na jirani, kwa sababu ndiye aliyenifunga kilemba na kwa sababu sikutaka kukaa peke yangu kwenye benchi la mshtakiwa. Tulikaa meza ya mbele kabisa, upande wa kulia, mahali ambapo nilimwona bi harusi mtarajiwa kuanzia kidevu mpaka kiunoni. Alikuwa amependeza, nadhani. Gauni lake mpaka leo sijui lilikuwa na mikono au halina. Nilikuwa naangalia kitu kimoja.

Sikujua sherehe ina hatari kiasi kile. Watu wanasema sendofu ni kula na kucheza. Ni kugongana! Mashangazi wanapanda mmoja mmoja kumkumbatia binti, kila mmoja na kibano cha dhahabu kifuani kikubwa kama kitasa. Kila aliyemfungulia mikono, mimi nilibana pumzi. Kuna mmoja alimkumbatia, akamwachia, akamkumbuka, akamrudia. Ikaja kugonganisha glasi, binti akainama mbele, kidani kikaning'inia juu ya glasi ya mtu. Ikaja keki. Zikaja zawadi, akina mama wanaingia wakicheza, wamebeba masufuria, wamebeba godoro, na binti naye akaamua kushuka kuwapokea akirukaruka. Nani alimfundisha kuruka? Nilijikuta nimesimama. Jirani akanivuta gauni nikakaa.

Halafu nikaona kitu kinang'aa sakafuni.

Niliingia chini ya meza. Sikufikiri, niliingia tu, na kilemba kikabaki juu ya kiti. Nikatambaa kati ya viatu vya watu, nikakifikia. Ilikuwa shanga ya gauni la mtu. Nikiwa bado huko chini nikamsikia mshereheshaji kwenye kipaza sauti, "Naona kuna mama yetu hapa mbele amepotelewa na kitu, vijana hebu tumsaidie." Nikatoka na ile shanga mkononi, na watu wakanipigia makofi. Kule meza kuu mama mkwe alikuwa ananitazama. Hakutabasamu. Lakini alisogeza glasi yake ya maji mbele ya mdomo, na maji hayakupungua.

Jiwe halikutoka. Sherehe ilipokwisha, binti alikuja na bibi yake, akainama, bibi akamfungua kidani shingoni, akakiweka mkononi mwangu kikiwa bado na joto la mtoto.

"Rudi nacho," akasema mama.

Nikajaribu. "Mama, kwa nini usikae nacho mwenyewe? Mimi tayari nimeshaonyesha uwezo wangu."

"Nikakiweke wapi, kwa huyu?" Wifi alikuwa nyuma yake, anatia kipande cha keki kwenye mkoba, pamoja na hereni na pete alizozivingirisha kwenye karatasi ya kupangusia mikono, pamoja na funguo. Nikazitoa hereni na pete mkobani nikiwa nimefumba jicho moja. "Wewe angalau umeshajua linavyopasuka," mama akasema, akaondoka zake.

Kesho yake asubuhi nikakaa barazani na bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto, mswaki laini na kitambaa cha pamba. Poda ya binti ilikuwa imejaa nyuma ya jiwe, na kwenye hereni moja kulikuwa na sukari ya keki. Nikasugua taratibu. Kila kipande na kimfuko chake. Mpaka hapo nilikuwa bado sijui pa kuviweka, lakini moyo ulikuwa umetulia, nikajiona mtu wa maana.

Jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta anaanika nguo. Nikamwinulia kidani akione.

"Jana umeona?" nikamwambia. "Watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyegundua hili jiwe lina ufa."

Akatoa kibanio cha nguo mdomoni.

"Shoga, hilo jiwe hakuna aliyeliangalia hata kidogo, ukumbi mzima tulikuwa tunakuangalia wewe unavyomkodolea mtoto wa watu kifua."